Lekcha au PBL kwenye hesabu za chuo: kabla hujachagua, ulizia mtihani

Kila semista ikianza swali ni lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa hesabu, kwamba kozi moja ina wahadhiri wawili, mmoja anashusha nondo ubaoni mwanzo mwisho, mwingine anaingia na tatizo moja tu, anawagawa vikundi vya watu watano watano halafu anazunguka zunguka kakunja mikono (hiyo ndo PBL, problem-based learning, kujifunza kwa kuanzia kwenye tatizo), sasa mtu aende kwa nani? Majibu yake ndo vita. Mmoja atasema yule wa vikundi hafundishi, anakula mshahara wa bure. Mwingine atasema kwa yule wa ubaoni unatoka na kurasa sita za madesa na hujui hata mstari mmoja unasema nini. Mimi nimekaa pande zote, nimesoma kwa njia zote mbili na sa hivi nasimamia seminari, na ninachoona ni kwamba hawa wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea kozi yake, msingi aliotoka nao fom siksi, na mtihani aliokutana nao mwisho. Hasa huo mtihani. Usichague mbinu kabla hujajua UE, ule mtihani wa chuo wa mwisho wa semista, inatungwaje, mengine yote ntakayoandika hapa yanakuja baada ya hilo.

Kwanza tujue tunalinganisha nini

Lekcha haina haja ya maelezo, kila mtu kaikalia. Teoremu, prufu (uthibitisho wake), mfano, mfano mwingine, kipindi kimeisha, wiki ijayo tyutoria.

PBL ndo inachanganywa na vitu vingine. Lekchara kuwatumia slaidi na kuwaambia mkasome wenyewe siyo PBL, huo ni utoro. Kugawana mada halafu kila kikundi kikapresenti nayo siyo. Yale maswali ishirini ya tyutoria baada ya lekcha nayo siyo, hayo ni mazoezi ya kitu ulichokwisha kufundishwa. PBL maana yake tatizo linatangulia, mnapewa kabla hamjafundishwa chombo cha kulitatua, mnakwama, kule kukwama ndo kunawaonesha mnakosa nini, mnaenda kukitafuta kwenye vitabu au kwa mwalimu, mnarudi mnamalizia. Mwalimu yupo muda wote, kazi yake ni kuuliza maswali na kuzuia msipotee mbali sana, na kiukweli hiyo kazi ni ngumu kuliko kuandika ubaoni.

Chimbuko lake wala siyo hesabu, ni udaktari, chuo cha McMaster kule Hamilton, Kanada, mwaka 1969. Maastricht ya Uholanzi ikaichukua miaka ya 70 na mpaka leo chuo kizima kinaenda hivyo, vikundi vidogo na hatua zao saba za kulichambua tatizo. Aalborg ya Denmark, iliyoanzishwa 1974, wao wakaegemea miradi, nusu ya mzigo wa semista ni mradi wa kikundi na watu wa hesabu wamo humo humo. Na huku kwetu siyo kitu kigeni kama watu wanavyodhani, kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret kilianza na PBL tangu kinafunguliwa, muulize daktari yeyote aliyepita pale atakupa stori zake.

Hesabu zimechelewa kuipokea na sababu inaeleweka. Mwanafunzi wa udaktari akipewa mgonjwa mwenye homa na manjano anaweza kuanza kusoma ini leo na damu kesho au kinyume chake, haidhuru sana. Hesabu haziko hivyo. Huwezi kuruka limiti ukaenda kuokota derivativu mbele ukarudi, kila kitu kimekalia kingine, kwa hiyo tatizo likitungwa vibaya linakudai vitu vya semista tatu kwa mpigo na kikundi kizima kinabaki kinatazamana. Hapo ndo malalamiko mengi yanapoanzia, na siyo kosa la wanafunzi kuwa wavivu kama baadhi ya walimu wanavyopenda kusema.

PBL ikiwa nzuri inakuaje

Ngoja nikuoneshe tatizo moja ambalo nalipenda, la kozi ya diferensho ikwesheni, yaani milinganyo ya vitu vinavyobadilika. Kikundi kinapewa hivi: kuna pipa limenyooka pembeni, lina maji kimo cha sentimita 100, chini kuna tundu dogo. Tundu likifunguliwa, dakika 10 baadaye maji yamebaki sentimita 81. Pipa litaisha lini? Basi. Hakuna fomula, hakuna dokezo.

Kundi la kwanza kila mara wanaenda mstari ulionyooka, zimetoka sentimita 19 kwa dakika 10, kwa hiyo 1.9 kwa dakika, pipa linaisha kama dakika ya 53, wamemaliza wanachezea simu. Kundi jingine lina mtu aliyesoma Fizikia anasema hapana, maji yakipungua presha inapungua, kwa hiyo spidi inapungua, wanaandika kwamba kasi ya kupungua inalingana na kimo kilichobaki, wanaintegreti, wanapata eksponensho, kila dakika 10 inabaki 0.81 ya kilichokuwepo. Safi, ila sasa mwalimu anawauliza swali moja tu, kwa hesabu yenu pipa linaisha lini? Wanahangaika na kalkuleta, dakika 100, 200, 500, haliishi. Eksponensho haifiki sifuri. Na kila mtu ameshaona ndoo yenye tundu ikiisha.

Hapo sasa ndo darasa linachangamka, maana pande zote mbili zina jibu na zote mbili zinajua kuna kitu hakijakaa sawa. Kuna mtu atakumbuka au ataenda kusoma kwamba maji yanatoka kwa spidi inayolingana na kipeuo cha pili cha kimo, siyo kimo chenyewe, ile sheria ya Torricelli ya karne ya 17, wanaandika ikwesheni upya, wanatenganisha variabo (kimo upande mmoja, muda upande wa pili), na kinachotoka ni kwamba kipeuo cha kimo ndo kinachopungua sawasawa. Kipeuo cha 100 ni 10, cha 81 ni 9. Kimepungua moja kwa dakika 10. Basi pipa linaisha dakika ya 100 kamili, na hiyo hesabu ya mwisho mtoto wa kidato cha pili anaifanya kichwani.

Ubora wa tatizo hili uko kwenye namba zake. Dakika ya 20 mstari ulionyooka unasema zimebaki sentimita 62, eksponensho inasema 65.6, Torricelli anasema 64. Kwa rula ya kawaida na maji yanayocheza cheza huwezi kujua nani mkweli. Dakika ya 50 zinaachana kabisa, 5, karibu 35, na 25. Mwanafunzi aliyepita hapo anakuwa amejifunza kitu ambacho lekcha ya kutenganisha variabo haimpi hata ikirudiwa mara tatu, kwamba modeli mbili zinaweza kufanana mwanzoni na bado moja ikawa ya uongo, na kwamba kuchagua ikwesheni ni kazi kuliko kuitatua. Mtu wa lekcha siku hiyo hiyo angepewa dh/dt = −k√h (h ni kimo, t ni muda) imeshaandikwa tayari, angeitatua dakika nne, angepata tiki.

Sasa upande wa pili wa shilingi, tatizo hili limekula vipindi viwili. Mkondo wa lekcha kwenye vipindi hivyo hivyo viwili ungekuwa umeshamaliza kutenganisha variabo, umeingia linia ya odda ya kwanza na labda umegusa na Bernoulli, aina nyingine mbili za ikwesheni hizo hizo. Na silabasi ni moja.

Lekcha nayo ikiwa nzuri

Watu wakiiponda lekcha wanaongelea lekcha mbaya, ile ya kusoma slaidi. Chukua mfano ambao unaua watu wengi kwenye rio analisisi, ile kozi ya kuthibitisha kalkulasi kuanzia chini, epsiloni na delta (epsiloni ni umbali unaoruhusiwa kwenye jibu, delta ni umbali unaoruhusiwa kwenye x). Onesha kwamba x² inaelekea 9 pale x inapoelekea 3. Kwenye madesa unakuta imeandikwa "chukua delta kuwa ndogo kati ya 1 na epsiloni kwa 7", halafu mistari mitatu, halafu kibox cha kufunga prufu. Kila mtu ananakili. Kila mtu anajiuliza kimoyomoyo saba imetoka wapi na hakuna anayenyoosha mkono kwa sababu darasa lina watu mia na kitu na wote wanaonekana wameelewa.

Lekchara mzuri anaigawa ubao, kulia anaandika prufu safi, kushoto anafanya kazi chafu kwa sauti. Anasema nataka |x² − 9| iwe ndogo, hiyo ni |x − 3| mara |x + 3|, ya kwanza naitawala mwenyewe, ya pili inanisumbua kwa sababu inabadilika. Basi naifungia, nasema x isiende mbali na 3 zaidi ya 1, kwa hiyo iko kati ya 2 na 4, kwa hiyo x + 3 haivuki 7, hiyo hapo saba yenu. Dakika tano na umeelewa mbinu utakayoitumia semista nzima. Kwa PBL kitu hicho hicho kikundi kisicho na mtu mwenye fikra hiyo kinaweza kuhangaika mpaka kipindi kinaisha, na mara nyingi wanaishia kugugo jibu na kulinakili, ambako ni kule kule kwa madesa ila kwa kuchelewa na kwa gharama ya bando.

Halafu usije ukadhani prufu haziwezi kufundishwa kwa kuwaachia wanafunzi. R. L. Moore, pale University of Texas Austin, alifanya hivyo miongo kadhaa, anatoa definisheni na teoremu bila prufu, vitabu marufuku, kuuliza mwenzako marufuku, kila mtu ajitafutie halafu apande ubaoni asimamie alichopata, na wametoka wanahesabu wakubwa kwenye mikono yake. (Mwenyewe alikuwa mbaguzi, aligoma kufundisha wanafunzi weusi, hilo nalo lijulikane kabla mtu hajamfanya shujaa.) Ila tofauti na kinachotokea kwetu ni kwamba alikuwa na darasa dogo na anawajua mmoja mmoja. Chukua mbinu hiyo uipeleke ukumbi wa watu mia tatu wenye TA (msaidizi wa mhadhiri) mmoja uone.

Wanafunzi wanasemaje, na kwa nini usiwaamini moja kwa moja

Lalamiko namba moja nalolisikia dhidi ya PBL ni "sijisikii kama najifunza". Mtu anatoka kipindini hana noti, hana mifano iliyotatuliwa vizuri, ana karatasi moja imechafuka, anaona kapoteza muda, wakati mwenzake wa mkondo wa pili ana daftari limepangika kwa rangi. Hii hisia imepimwa. Mwaka 2019 pale Harvard, Louis Deslauriers na wenzake walichukua wanafunzi wa Fizikia ya mwanzo, kundi moja likapewa lekcha nzuri ya mwalimu mzoefu, jingine likafanya matatizo kwa vikundi, mada ile ile na vifaa vile vile, baadaye wakabadilishana. Waliofanya matatizo walifaulu zaidi kwenye jaribio na hapo hapo wakasema wamejifunza kidogo. Wa lekcha walijiona wameiva kuliko walivyoiva. Kwa hiyo senia akikwambia "kwa yule nilikuwa naelewa kinoma" muulize kwanza alipata ngapi.

Kuna na ule uchambuzi mkubwa wa Scott Freeman na wenzake, 2014, walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi na hesabu vyuoni, wakakuta kwenye lekcha tupu waliofeli ni asilimia 33.8 na kwenye madarasa yenye ushiriki ni asilimia 21.8, na faida ilikuwa kubwa zaidi madarasa yenye watu wasiozidi 50. Ila tuwe wakweli, hapo walihesabu kila aina ya ushiriki, mpaka kuuliza swali katikati ya lekcha na watu wakajadiliana na jirani, siyo PBL kamili peke yake. Watu wa PBL wanapenda kuitumia hiyo namba kama yao peke yao, siyo yao peke yao.

Na upande wa pili kuna akina John Sweller. Pamoja na Kirschner na Clark, 2006, waliandika wazi kwamba kumwachia mtu mgeni bila mwongozo ni kumtesa, kwa sababu kichwa cha mgeni kinajaa haraka, anatumia nguvu zote kutafuta njia na haibaki nafasi ya kujifunza kitu chenyewe. Mgeni anahitaji mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua. Akishakomaa, mifano hiyo hiyo inaanza kumchelewesha na matatizo ndo yanamjenga. Mi hii naiona kwa macho kwenye seminari kila wiki. Aliyetoka PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na Advance ya maana, yaani hesabu kamili za fom siksi, akipewa pipa la maji anafurahia. Aliyetoka PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na BAM yake, zile hesabu za msingi tu, leo yuko kwenye kalkulasi ya chuo kwa sababu digrii yake inaidai, ukimpa tatizo la wazi wiki ya pili anaona hesabu zimemkataa, na siyo kweli, hajapewa tu mifano ya kutosha ya kuanzia.

Lalamiko la pili ni vikundi. Hili halina haja ya utafiti wa Harvard. Watu watano, mmoja ana laptop na ndo anafanya, mmoja anamsaidia, mmoja anachangia soda, wawili wanaandikwa majina, na siku ya kupresenti wale wawili ndo wanaongea sana. Mwalimu makini analizuia kwa njia rahisi, anachagua yeye nani apande ubaoni na maksi ya kikundi inategemea huyo, ukifanya hivyo mara mbili tu utashangaa wenye akili wanavyoanza kuwafundisha wadandiaji kwa nguvu. Mwalimu asiyefanya hivyo, PBL yake ikimbie, haijalishi tatizo ni zuri kiasi gani.

Kuna kitu kizuri cha vikundi ambacho watu hawakihesabu, kule ndani watu wanaongea Kiswahili. Lekcha ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na watu wengi wananyamaza ukumbini siyo kwa sababu hawajui hesabu, ni sentensi ya kuulizia ndo inawashinda. Kwenye kikundi mtu anasema "we hii delta si inategemea epsiloni, utaichaguaje kabla hujapewa epsiloni?" na hapo kaelewa kuliko aliyekariri definisheni nzima. Tatizo ni kurudi kuiandika. Waliozoea kuelewana kwa mdomo wanaandika prufu zenye mapengo, mstari wa kwanza na wa mwisho upo, katikati "kwa hiyo". Lekcha, hata mbaya, inakuonesha prufu iliyoandikwa inafananaje.

Sasa mtihani

Vyuo vingi vya kwetu koziweki, maksi za ndani ya semista, ni 40 na UE ni 60. Hizo 60 ndo zinaamua nani anasapu (anarudia mtihani) na nani anadisko (anaondolewa chuoni), na mara nyingi UE ni moja kwa mikondo yote, inatungwa na mtu mmoja au wawili, na wanatunga kwa mtindo wa paspepa, mitihani ya miaka iliyopita. Sasa fikiria umekaa semista nzima unajenga modeli za mapipa na foleni za daladala halafu mtihani unakuuliza "taja na uthibitishe teoremu ya wastani" na maswali manne ya kuintegreti kwa spidi. Hukujifunza vibaya, umepimwa kwa kitu kingine. Hawa ndo wanaotoka wanasema PBL ni upuuzi, na mimi siwezi kuwalaumu.

Kinyume chake kipo pia ila ni nadra. Kuna kozi za modeling na takwimu ambazo mtihani wake unakupa stori ndefu na data na kukuuliza ungefanyaje, na mtu wa madesa anafika pale anatafuta swali liko wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua nenda stoo ya paspepa ya miaka mitatu minne iliyopita, usisome majibu, soma vitenzi. Kama kila swali linaanza na taja, thibitisha, tafuta integro ya, basi nenda kwa lekchara wa ubaoni na matatizo ukayafanyie kwenye diskasheni yako ya usiku. Kama maswali yanaanza na unda, eleza kwa nini, linganisha, toa maoni juu ya jibu, nenda PBL bila kufikiria mara mbili.

Kozi kwa kozi, maoni yangu

Diferensho ikwesheni, modeling, takwimu, oparesheni riseach, niumerico analisisi: PBL, hata kama mwalimu ni wa wastani. Hivi vitu vilizaliwa na matatizo na ukivisoma bila matatizo vinakuwa rundo la mbinu zisizo na mwenyewe. Niumerico hasa, hakuna lekcha itakayokufundisha makosa ya kukadiria kama kuona programu yako mwenyewe inatoa jibu la ovyo saa nane usiku.

Kalkulasi ya kwanza: lekcha, ila yenye seminari za uhakika. Nasema hivyo kwa sababu ya mchanganyiko wa watu, ni kozi inayobeba kila mtu kuanzia injinia mpaka wa biashara, na wengi wanahitaji mikono iwe myepesi kwanza. Mwenye Advance nzuri anaweza kwenda PBL akafaidi, ila ajue atakuwa yeye ndo mwalimu wa kikundi, na kwa wengine hilo ni jambo zuri.

Linia aljebra iko katikati, na hapa nabishana na wenzangu wengi. Nusu ya kwanza, matriksi na kupunguza mistari, yoyote sawa. Nusu ya pili, vekta spesi na eigenvaliu, nilivyoona mimi walioanza na tatizo kama lile la kurasa za wavuti zipangwe vipi kwa umuhimu wanaishika eigenvekta na haitoki tena, wakati wa lekcha wanaikokotoa vizuri tu na ukiwauliza ni kitu gani wanatazama dari.

Rio analisisi na abstrakti aljebra: lekcha nzuri kwanza, halafu mtindo wa Moore kama darasa ni dogo. Kama hakuna lekcha nzuri na darasa ni kubwa, pole, ni wewe na kitabu na diskasheni.

Kwa wanaowaza mbele, masta hasa, ujue kuna sehemu ambazo hutaulizwa unapenda nini. AIMS, ile taasisi ya hesabu iliyoanzishwa na Neil Turok Cape Town mwaka 2003 na sasa ina kituo Kigali, inaendesha kozi fupi fupi za wiki tatu, wanafunzi wanakaa pamoja, maswali yanaruhusiwa muda wote na kazi ya kutatua ni ya kila siku. Aliyezoea kusubiri noti anateseka mwezi wa kwanza. Kama hiyo ndo njia yako, chukua angalau kozi moja ya PBL ukiwa bado digrii ya kwanza, hata ikikugharimu pointi mbili za GPA kwenye kozi hiyo.

Wiki ya kwanza angalia haya

Kaa kwenye mikondo yote miwili, hakuna anayekufukuza wiki ya kwanza. Kwa yule wa lekcha subiri mtu aulize swali, uone kama anajibu au anasema "hiyo ni wazi". Akisema ni wazi mara mbili, toka. Na angalia kama ana sehemu ya kazi chafu au anaandika prufu safi tu iliyoshuka kutoka mbinguni.

Kwa yule wa PBL muulize maswali matatu tu: vikundi vya watu wangapi, maksi ya mtu mmoja mmoja inapatikanaje, na tukishamaliza tatizo kuna kipindi cha kufunga? Hili la tatu ndo kubwa. PBL nzuri ina nusu saa ya mwisho mwalimu anasimama, anaonesha kundi hili lilienda huku, lile kule, na hii hapa ndo teoremu mliyokuwa mnaizunguka, na inaandikwa hivi. Bila hicho kipindi kila kikundi kinaondoka na ukweli wake na mwezi wa pili darasa lina kalkulasi tano tofauti. Akikujibu kwamba mtajumlisha wenyewe, rudi ubaoni.

Na kama chuo chako hakina mikondo miwili, mwalimu ni mmoja na ni wa slaidi, unaweza kuitengeneza PBL yako mwenyewe bila ruhusa ya mtu. Pateni watu wanne, siku moja kabla ya lekcha angalieni mada inayofuata kwenye kozi autilaini, chukueni swali moja la mwisho wa sura, lile gumu, msisome sura, pambaneni nalo dakika 40 hata kama hamfiki popote, andikeni pembeni mmekwamia wapi. Kesho yake mnaingia lekcha mkiwa na kitu mnachokitafuta, na lekchara yule yule mnayesema haeleweki akifika kwenye mstari uliowakwamisha jana mtashangaa mnavyoandika. Mwisho wa wiki rudini kwenye lile swali mlimalize, na anayepanda ubaoni kulieleza achaguliwe kwa kura, asiwe yule mwenye laptop.